Mwaka 869 na Wadai Wake



Mada niliyopewa ilikuwa dunia katika karne ya tisa. Ukitaka kuimaliza karne nzima kwa saa moja utaishia kutaja majina ya wafalme na kuwalaza watu usingizi. Nikaomba nichukue mwaka mmoja tu, mwaka 869, na wenyeji wangu wakaniridhia.

Waliouishi mwaka huo hawakuuita hivyo, isipokuwa watawa na makasisi wa Ulaya Magharibi waliozoea kuhesabu tangu kuzaliwa kwa Yesu. Basra na Baghdad ulikuwa mwaka 255 wa Hijria, na kalenda hizo mbili mwaka ule zilikaribia kwenda bega kwa bega: Muharram ya 255 iliandama tarehe 20 Desemba 868, kwa hiyo karibu mwaka wote wa 869 unaingia ndani ya 255. Constantinople walihesabu tangu kuumbwa kwa ulimwengu, wakawa katika mwaka 6377, na Septemba mosi wakaingia 6378. Kyoto ulikuwa mwaka wa 11 wa enzi ya Jogan. Chang'an, mji mkuu wa Uchina, ulikuwa mwaka wa 10 wa enzi ya Xiantong. Na katika misitu ya nchi tunayoiita leo Guatemala, mfalme wa Tikal alisimamisha jiwe kubwa lililochongwa kuadhimisha kutimia kwa kipindi kimoja cha siku 7,200, ambacho kwa Wamaya kilikuwa jambo la ibada na la dola kwa pamoja. Mfalme huyo alijipa jina la babu wa enzi za fahari, Jasaw Chan K'awiil, ingawa fahari yenyewe ilikuwa imekwisha na miji mingi ya jirani imekwisha kuhamwa. Jiwe hilo lipo mpaka leo. Baada yake hakuna jingine lenye tarehe lililopatikana Tikal.

Nimeuchagua mwaka huu kwa sababu moja. Ukisoma kumbukumbu zake, kuanzia kusini ya Uchina hadi vinamasi vya Iraki, unakutana na watu wanaodai. Askari wanadai mishahara. Walinzi wa mpakani wanadai warudishwe makwao kama walivyoahidiwa. Watumwa wa mashamba ya chumvi hawadai hata ujira, maana hawajawahi kuonja. Wanadai watoke walipo. Na karibu kila mahali wenye mamlaka walijibu kwamba hazina ni tupu. Wakati mwingine ilikuwa kweli, na mara moja, kama mtakavyosikia, ulikuwa uongo wa kutisha.

Ulaya haiingii vizuri katika hoja hii, nami sitailazimisha. Tarehe 14 Februari alifariki Roma mtawa Cyril, akiwa na umri wa miaka 42. Yeye na kaka yake Methodius ndio waliowaletea Waslavi maandiko katika lugha yao wenyewe, kwa herufi alizozibuni yeye. Agosti alikufa Lothair wa Pili huko Piacenza, mfalme aliyeumaliza utawala wake akihangaikia talaka ambayo papa alikataa kuikubali. Mwezi mmoja tu baadaye, Septemba 9, baba yake mdogo Charles akajivika taji lake mjini Metz. Oktoba ulifunguliwa mtaguso Constantinople wa kumkemea Patriaki Photius, na siku ya ufunguzi walifika maaskofu 12 tu. Novemba 20 Wadani walimuua Mfalme Edmund wa East Anglia, Uingereza. Kila moja ya habari hizi ina vitabu vyake, na wenye kupenda wafalme hawatakosa cha kusoma.

Twende Uchina. Miaka kadhaa nyuma, dola ya Tang ilikuwa imepeleka askari kusini kupambana na ufalme wa Nanzhao. Miongoni mwao walikuwamo kiasi cha askari 800 kutoka Xuzhou, upande wa kaskazini-mashariki, waliowekwa Guizhou, mji unaoitwa leo Guilin. Waliahidiwa miaka mitatu, kisha zamu nyingine ije iwapokee. Wakakaa sita. Walipoomba kurudi, gavana wa kwao alishauriwa kwamba kupeleka wengine ni ghali, akaamuru wabaki mwaka mmoja zaidi. Mwaka 868 waliwaua maofisa wao, wakamchagua kiongozi, wakashika njia ya kwenda nyumbani kwa miguu. Kiongozi waliyemchagua hakuwa jemadari. Pang Xun alikuwa ofisa wa posho, mtu wa kuhesabu nafaka. Mimi naona uchaguzi huo una akili nyingi, kwa sababu katika jeshi lolote anayejua kwa hakika nani kadhulumiwa nini ni yule mwenye daftari la chakula.

Walipofika karibu na kwao, wakulima waliochoshwa na kodi walijiunga nao kwa maelfu, na kisa cha wanajeshi 800 waliotaka kuonana na wake zao kikawa vita vya kushika mikoa. Vilizimwa katika majira ya vuli ya 869, Pang Xun akafa. Ili kuvizima, dola ililazimika kutegemea wapanda farasi wa Shatuo, watu wa nyika wenye asili ya Kituruki, na chifu wao akazawadiwa jina la ukoo wa mfalme, Li. Katika karne iliyofuata, baada ya Tang kuanguka, ni wazao wa chifu huyo waliokuja kutawala kaskazini ya Uchina. Gharama ya zamu moja ya askari 800 ilikataliwa kwa kuwa ni kubwa.

Japani kisa ni kingine, nami nimekileta kwa makusudi kwa sababu dola ya huko ilifanya kinyume. Usiku wa Julai 9 lilipiga tetemeko kubwa katika mkoa wa Mutsu, pwani ya mashariki, karibu na mji wa leo wa Sendai. Kumbukumbu rasmi ya dola, iliyokamilishwa mwaka 901, inaeleza habari zake kwa maneno machache yenye kusisimua mwili: mwanga uliotanda ukawa kama mchana, watu wanapiga kelele na hawawezi kusimama, wengine wamefunikwa na nyumba, wengine wameingia katika nyufa za ardhi, farasi na ng'ombe wanakimbia ovyo na kukanyagana. Ghala, malango na kuta za ngome zikaporomoka. Halafu bahari ikanguruma kama radi, maji yakapanda mpaka chini ya ngome yenyewe, mashamba na barabara vikageuka bahari. Watu kama 1,000 wakazama.

Mutsu ilikuwa mpakani. Huko waliishi walowezi wa Kijapani pamoja na Waemishi, wenyeji ambao dola ilikuwa imepigana nao kwa vizazi. Amri iliyotoka Kyoto vuli ile, kwa jina la Mfalme Seiwa aliyekuwa kijana wa miaka 19, iliagiza msaada utolewe bila kubagua Mjapani na Mwemishi, maiti wazikwe, na walioathirika zaidi wasamehewe kodi. Sisemi kwamba kila kilichoandikwa kilitekelezwa. Sote hapa tumewahi kusoma waraka wa serikali. Lakini kuandika tu kwamba adui wa jana naye ana haki ya kupewa chakula na kusamehewa kodi si jambo dogo, na katika mwaka huu ninaouzungumzia silijui jingine la kufanana nalo.

Nisilipite tetemeko hilo bila kutaja yaliyofuata. Kwa miaka zaidi ya elfu moja habari hiyo ilibaki maneno ya kitabuni, mpaka mwishoni mwa karne ya 20 wanajiolojia walipochimba uwanda wa Sendai na kulikuta tabaka la mchanga wa bahari, mbali na ufuo, katikati ya udongo wa mashamba ya mpunga. Mwandishi wa dola hakuwa ametia chumvi. Juni 2009 mtaalamu Yukinobu Okamura alisimama katika kikao cha kamati ya serikali iliyokuwa ikikagua usalama wa mtambo wa nyuklia wa Fukushima, akauliza kwa nini tetemeko la 869 halikuzingatiwa. Mtambo haukurekebishwa kwa hoja hiyo. Tarehe 11 Machi 2011 bahari ilipanda tena palepale, watu zaidi ya 18,000 wakafa au kupotea, na vinu vya Fukushima vikaharibika.

Siku mbili baada ya maji kupanda Mutsu, Julai 11, walinzi wa Kituruki walivamia kasri la Khalifa al-Mu'tazz mjini Samarra, kaskazini ya Baghdad. Hapa nitakaa kidogo.

Makhalifa wa ukoo wa Abbas walikuwa na mazoea ya kununua vijana wa Kituruki kutoka Asia ya Kati na kuwafanya askari. Samarra yenyewe ilijengwa kwa ajili yao. Kufikia 869 wao ndio waliokuwa wakiweka na kuondoa makhalifa. Tangu 861 walikuwa wamekwisha kumuua mmoja, na wengine wamefuata. Al-Mu'tazz alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Askari walikuja kudai malimbikizo ya mishahara yao, wakapunguza na kupunguza hadi wakasema wapewe dinari 50,000 tu. Khalifa hakuwa nazo. Akatuma kwa mama yake, Qabiha, mwanamke aliyejulikana kwa utajiri. Mama akajibu hana kitu.

Walimburura kwa mguu kutoka chumbani, wakampiga kwa marungu, wakamsimamisha juani katika ua wa kasri. Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kwamba ardhi ilikuwa ya moto mpaka kijana akawa ananyanyua mguu huu na kuushusha, halafu ule. Wakamlazimisha ajiuzulu, wakamfungia bila chakula wala maji, na katika siku chache akafa. Kisha wakaanza kuisaka mali ya mama. Katika chumba cha chini ya ardhi walikuta dinari zaidi ya milioni moja, na zumaridi, lulu na yakuti juu yake. Hata Salih bin Wasif, kamanda aliyemng'oa khalifa na kuifilisi familia, inasemekana alishangaa: mama kamwachia mwanawe afe kwa dinari 50,000, na yote haya anayo.

Aliyewekwa kitini, al-Muhtadi, alikuwa mcha Mungu asiyependa anasa. Alidumu chini ya mwaka mmoja, wakamuua naye. Ucha Mungu haukulipa mishahara.

Wakati Samarra inavurugika, kulikuwa na mtu aliyewahi kuishi mjini humo akiwatungia mashairi wakubwa wa kasri. Jina lake Ali bin Muhammad, mzaliwa wa kijiji karibu na Rayy, upande wa Tehran ya leo. Alijinasibisha na kizazi cha Sayyidna Ali, dai ambalo wanahistoria wa zamani wenyewe walilitilia shaka. Alikuwa amejaribu kujikusanyia wafuasi mashariki mwa Arabuni akashindwa, akaja Basra akafukuzwa. Ramadhani ya 255 alirudi, na mara hii aliwatazama watu ambao hakuna mwanasiasa aliyewahi kuwatazama.

Nje ya Basra ardhi ilikuwa ya kinamasi iliyoganda chumvi juu. Matajiri wa mjini walipewa haki ya kuimiliki wakiihuisha, na kuihuisha ni kuipara: kuondoa gamba la chumvi, kulibeba na kulirundika kando, ili udongo wa chini ulimike. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa, vikundi vya watu 50 hapa, 500 pale, chini ya wanyapara. Marundo ya chumvi yalifikia kuonekana kama vilima. Posho yao ilikuwa unga, nafaka ya kukaanga na tende. Hawakuwa na wake wala nyumba.

Al-Tabari anaeleza mwanzo wa mambo karibu saa kwa saa, kwa sababu alimpata msimulizi aliyekuwa kambini kwa waasi. Asubuhi ya Septemba 7, Ali alikizuia njiani kikundi cha watumwa 50 wa bwana mmoja wakienda kazini, akamfunga nyapara wao, akawachukua. Akaenda kwenye kikundi kingine akawachukua 500. Mchana haujaisha, ana jeshi. Jeshi lenyewe lilikuwa na panga tatu. Alipoletewa farasi hakukuwa na tandiko wala hatamu, akampanda kwa kamba na kumwongoza kwa ugwe wa nyuzi za mtende. Bendera ilikuwa ya hariri, imeandikwa aya ya sura ya Tawba isemayo kuwa Mwenyezi Mungu amenunua kwa waumini nafsi zao na mali zao kwa kuwapa Pepo, na mlingoti wake ulikuwa upondo wa mtumbwi. Mwenye kununuliwa sokoni hahitaji kuelezwa maana ya aya hiyo.

Wenye watumwa walikuja kuzungumza naye. Walimwahidi dinari tano kwa kila kichwa ili awarudishie. Badala ya kuwajibu aliwaamuru watumwa wa kila bwana wakate fito za mitende, na kila bwana na wakala wake akapigwa viboko 500. Halafu akawaapisha kwa talaka za wake zao kwamba hawatasema yuko wapi, akawaachia. Mmoja akavuka mto usiku ule na kwenda kusema.

Siku ya Idi, Mfungo Mosi, Ali aliwasalisha watu wake. Katika hotuba aliwakumbusha hali waliyokuwa nayo, akaapa kwamba atawainua, awape mali na majumba, na akaahidi jambo jingine ambalo wanaompenda huliruka: watakuwa na watumwa wao wenyewe. Alipomaliza aliwaagiza wale waliofahamu maneno yake wawaeleze wenzao wasiojua Kiarabu.

Ahadi aliitimiza. Basra ilipoanguka mwaka 871 watu walichinjwa kwa maelfu, na mwanahistoria al-Mas'udi anaandika kwamba wanawake wa familia tukufu walinadiwa kambini kwa dirhamu mbili au tatu. Nawasikia vijana wetu wakimweka Ali bin Muhammad katika orodha ya wakombozi wa Waafrika. Hakuwa Mwafrika, na utumwa hakuupinga. Alichokipinga ni nani awe bwana. Waliofanya vita vile viwe vita ni wale wa chumvi, waliopigana miaka 14, wakajenga mji wao wa al-Mukhtara katikati ya mifereji, na hawakushindwa hadi 883, dola ilipowatolea nguvu zake zote chini ya al-Muwaffaq, ndugu wa khalifa.

Watu hao vitabu vinawaita Zanji, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliwapa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo tumezoea kusema walitoka huku. Naomba tuwe waangalifu. Katika kambi hiyo al-Tabari anataja pia Wanubi na makundi mengine, na jina Zanji mjini Basra liliweza kutumika kwa mtu mweusi wa asili nyingine. Wanahistoria wa sasa wamegawanyika: wapo wanaoona wengi walitoka pwani hii, na wapo wanaosema biashara ya watumwa ya huku katika karne ya tisa haikuwa kubwa kiasi cha kujaza vinamasi vile. Mimi naelemea upande wa pili kwa sababu ya vilivyochimbuliwa. Unguja Ukuu kumepatikana vigae vya rangi ya samawati-kijani vya Ghuba na vya Uchina, kando ya vyungu vya wenyeji. Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya nane. Hiyo ni miji ya watu waliokuwa wakiuza na kununua kwa hiari yao, wenye pembe za ndovu na ambari za kubadilishana. Hata hivyo kuelemea si kukana. Waliotoka huku walikuwamo, na wale wasiojua Kiarabu walioelezwa hotuba ya Idi na wenzao, huenda baadhi yao mababu zao ni mababu zetu.

Basra yenyewe ilikuwa na mtu ambaye angeweza kuyaandika haya kuliko yeyote. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa mji huo, anayesimuliwa kuwa na babu mwenye asili ya Kiafrika, alitunga risala nzima ya kuwatetea watu weusi mbele ya wenye kujivunia weupe. Alifariki Muharram ya 255, mwaka 868 ukigeuka 869, na umri wake umepita miaka 90. Miezi minane baadaye wale aliowatetea kwa kalamu walikuwa wakikata fito.

Kwa pwani yetu, matokeo ya 869 yalikuja kwa njia ya bahari. Basra iliyoteketezwa ilijengwa tena, lakini wafanyabiashara wengi walikwisha kuhamishia vyombo vyao katika bandari za chini ya Ghuba. Al-Mas'udi alisafiri mara ya mwisho kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wengi wanadhani ni Pemba, kwenda Oman mwaka 304 wa Hijria, yaani 916. Anaandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji hupelekwa kwanza Oman, kisha India na Uchina, na kwamba kama si hivyo zingejaa katika nchi za Waislamu. Wenye majahazi aliosafiri nao katika bahari hii walikuwa watu wa Oman na wa Siraf, bandari ya Ghuba.